Mpunga wa Jua la Kijani

Mwezi 12 Mfunguo Mosi, mwaka 1300 wa Hijria. Ozi.

Marehemu baba aliniachia karatasi, wino wa masizi na ubishi. Karatasi nimezifungia miaka minne nisijue niandike nini. Leo naanza, Mola anipe mkono mwepesi, kwa kuwa nimechoka kuzungumza na ndege.

Mpunga umechanua. Kutwa niko juu ya dungu na teo langu na vidonge vya udongo, naamia ndege wasile mpunga. Mama Mwanaarusi, mamake mume wangu, yuko dungu la pili, na sauti yake huwafikia ndege kabla ya udongo wake. Binti yangu Nana anakimbia juu ya matuta baina yetu akipiga debe bovu.

Sisi wa Ozi hatulimi kwa kungoja mvua. Bahari ikijaa huusukuma mto nyuma, maji matamu yakapanda juu na ya chumvi yakabaki chini, nasi hutoa mbao za juu za mlango wa mfereji tuyapokee yale ya juu peke yake. Hayo hufanyika wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Nyumba saba tunatumia mfereji mmoja, na tuta la kuzuia mto ni letu sote, kila nyumba na kipande chake. Kabla mlango haujafunguliwa lazima Mama Mwanaarusi ateremke aonje. Akimeza, tunafungua. Akitema, mlango haufunguliwi, na hakuna mwanamume wa Ozi atakayembishia. Mto ukiwa na nguvu chumvi hukaa mbali. Mto ukilegea, chumvi hupanda hadi mlangoni, na mpunga ukinywa chumvi haupati nafuu tena.

Mwaka jana viboko walitumaliza. Darini tuna kapu moja la mpunga na nusu gunia la mtama wenye wadudu. Jana Faki, mume wangu, alisema huku anautazama ukuta: mavuno haya yakitupotea, itabidi Nana aende Garsen kwa Komora. Komora ni sahibu yake, Mpokomo mwenye migomba mingi na roho nzuri. Lakini mtoto aliyewekwa rehani kwa chakula amewekwa rehani tu, hata aliyempokea awe mwema namna gani. Bwana Chande, mkubwa wa mfereji wetu, alipeleka vijana wake wawili huko juu mwaka jana, na mpaka leo hajapata cha kuwakombolea.

Nana ana miaka tisa na ndiye niliye naye peke yake. Nilimwambia Faki mpunga umechanua vizuri, nikaenda kuchota maji.

Mwezi 15

Bamvua. Mama ameonja, akameza. Tumefungua.

Mwezi 19

Nana alimpiga ndege kwa teo, akamlilia, kisha akamla.

Mwezi 22

Nimeng'ata punje: maji matupu. Ndivyo inavyotakiwa kwa sasa; baadaye iwe maziwa, kisha uji, kisha unga.

Mwezi 26

Leo jua limetoka kijani.

Nilikuwa nimekwisha kupanda dunguni. Upande wa mashariki kulikuwa na ukungu, lakini haukuwa na unyevu wala harufu ya moshi. Likapanda jua, duara kamili, rangi ya embe bichi, nami nikalitazama bila kukunja uso. Hilo lilinitisha kuliko ile rangi. Maisha yangu yote jua limekuwa kitu cha kukimbia kivulini, na leo lilikuwa pale kama sahani ukutani, linatazamika.

Ndege hawakuja mapema. Nana aliacha kupiga debe. Mama Mwanaarusi akaniita kutoka dungu lake.

"Siti, yuwa lina nini?"

"Sijui, mama."

"Weye ndiwe msomi."

"Baba hakunifundisha hili."

Baadaye nikamsikia anasoma Kul-huwallahu polepole, akianza tena kila anapomaliza. Adhuhuri jua lilikuwa jeupe lakini hafifu, na kivuli cha kijiti ninachopimia wakati wa sala kilikuwa na kingo zilizofifia. Jioni likazama la buluu. Usiku Nana alilala kwetu, katikati, na hapana aliyemwambia arudi kitandani kwake.

Mwezi 27

Vilevile.

Mwezi 28

Vilevile. Nimeng'ata punje: maji. Kufikia sasa ilipasa kuwa maziwa.

Mwezi 1 Mfunguo Pili

Mwezi mwandamo haukuonekana Ozi wala Kau. Watu wa Kipini wanasema wameuona, nasi tunawafuata. Faki anasema watu wa Kipini huona chochote wanachotaka kuuza. Nimecheka, kwa mara ya kwanza tangu lile jua.

Mwezi 2

Bamvua. Mama aliteremka akachota kwa kifuu, akakaa na maji mdomoni hata Bwana Chande akaanza kuguna. Mwishowe akameza.

"Ni matamu," akasema. "Lakini mto umetoka."

Umechoka, ndiyo maana yake kwa lafudhi yake, na alipokuwa anapanda kutoka mtoni alinishika mkono, kitu ambacho hakifanyi. Dhadho, mwenye mtumbwi wa kupeleka mizigo, ameteremka leo kutoka juu. Anasema, "Huko maji kidogo, mchanga mingi. Mara tatu nilishuka, nikavuta mtumbwi."

Mwezi 5, Ijumaa

Baada ya sala watu walikusanyika mlangoni pa mfereji. Bwana Chande amekonda, na tangu vijana wake waondoke anazungumza kama mtu anayegombana hata akiwa anasalimu.

"Yuwa limezeeka," akasema. "Kitu chochote chenye moto mwisho wake ni kuzimika. Tukingoja mpunga ukauke kwa yuwa hili tutangoja hata kiama. Tukate ungali mbiti, tufanye pepeta."

Wanaojua njaa wanajua pepeta: mpunga mchanga unakaangwa na maganda yake, ukatwangwa, ukaliwa. Ni tamu, lakini punje haijajaa, na konde la kulisha nyumba mwaka mzima hulisha miezi mitatu. Miezi mitatu, kisha Nana angekwenda. Au pengine asingekwenda, pengine maji ya vuli yangekuja mapema. Faki alikuwa anapiga hesabu ileile, nilimwona kwa namna alivyokuwa anachora mchangani kwa kidole cha mguu.

Hawakuafikiana. Wametoka kila mtu na uso wake.

Mwezi 8

Leo nimeona doa.

Kwa kuwa jua linatazamika, kila asubuhi nalitazama likiwa chini kabisa, kisha naacha. Leo karibu na ukingo wake wa chini palikuwa na alama nyeusi, ndogo kama chawa kwenye shuka. Nilidhani ni ndege wa mbali. Nikafumba macho, nikafumbua: lipo. Nikamwita Nana, mwenye macho mazuri kuliko yangu, bila kumwambia kitu.

"Nana, jua likoje?"

"Lina tone la wino, mama. Hapa chini."

Kutwa sikuamia vizuri, ndege wamekula, na Mama amenifokea sawasawa. Jioni nikalingoja lishuke. Doa lilikuwepo, ila sasa lilikuwa upande wa juu.

Nimekaa na jambo hili hadi isha na mafuta ya taa yamekwisha, naandika kwa mwanga wa jiko. Doa la ukungu lingehama au lingepotea. Hili lilikuwa palepale tangu asubuhi. Ni jua lenyewe lililopita juu ya vichwa vyetu, ukingo uliokuwa chini wakati wa kupanda ukawa juu wakati wa kushuka. Basi doa hili ni la jua.

Na kama jua lina doa, Bwana Chande ana haki. Linazimika. Nimemtazama Nana amelala, nikamvutia shuka.

Mwezi 9

Asubuhi doa limepanda kidogo.

Mwezi 10

Limepanda zaidi. Halikui, linasogea tu. Nimeng'ata punje: maji yenye weupe.

Mwezi 11

Faki ameniambia nisilitazame tena, nitapofuka, kisha atakuwa na watu wawili wa kulisha wasioona mbele, mimi na Chande. Nimepaka masizi ndani ya bakuli, nikalijaza maji. Sasa naliangalia humo.

Mwezi 12

Lile jua la kijani limerudi kwa nguvu, kuliko siku ya kwanza. Mama hataki kulitazama. Anaamia amegeuza mgongo.

Mwezi 13

Nimegundua, au nadhani nimegundua.

Doa liko katikati ya jua. Likiwa ndilo linalolizima, leo jua lingekuwa hafifu kupita siku zote, na siku lilipokuwa ukingoni lingekuwa na nguvu. Sivyo ilivyokuwa. Mwezi 10, doa limekwisha kuingia ndani, jua liliwaka vizuri hata nikajifunika leso. Jua linazunguka kama chungu kwenye gurudumu, na doa linazunguka nalo. Huenda daima lina madoa, ila ukali wake hutuzuia kuyaona.

Na usiku wa jana mwezi ulipotoka ulikuwa wa kijani. Jua na mwezi haviwezi kuzeeka siku moja. Kuna pazia angani, juu kuliko mawingu, na kila kinachopita nyuma yake hubadilika rangi. Halisukumwi na upepo wa chini, ndiyo maana kaskazi wala kusi haziliondoi. Lakini pazia huja na huenda: lilikuja, likapungua, limerudi. Litapita tena.

Jua halina ugonjwa. Nilimwambia Nana hivyo, nikamkumbatia hata akalalamika.

Mwezi 15

Bamvua. Mama amechota, ameonja, ametema.

Mlango haukufunguliwa. Mpunga utavumilia, una maji ya kutosha chini. Ila maji yalipanda hadi kiganja kimoja chini ya mgongo wa tuta, nasi tuliyatazama yakishuka kana kwamba tunamwangalia mtu mkali akipita mlangoni kwetu.

Mwezi 16

Kikao. Nitaandika chote, kwa kuwa nilisema mengi.

Bwana Chande alianza. Bamvua inayokuja, ya mwandamo wa Mfunguo Tatu, ndiyo kubwa kuliko zote za msimu huu. Mto hauna nguvu. Tuta letu lina matobo ya kaa. Tukate kesho, tufanye pepeta, tuwe na hicho kidogo mkononi. Kisha akanigeukia.

"Babako alijua miongo ya misimu na nyota. Weye unalitazama yuwa kila siku na bakuli lako, watu wanakuteka, wanaona kichekesho. Sema. Litarudi?"

Wanawake wengine watano walikuwepo, na waume zao. Tangu asubuhi ya jana nilikuwa nimekula uji wa mtama tu. Nilisimama na nikasema kama baba alivyokuwa akisema darsani, tena kwa raha, Mungu anajua. Niliwaeleza doa na mzunguko wake. Niliwaeleza mwezi. Nikasema: "Sisemi jua halibadiliki. Kitu chenye madoa yanayokuja na kwenda hakiwezi kuwa sawasawa kila mwaka. Pengine kuna miaka ya joto kidogo na miaka ya baridi kidogo kwa sababu hiyo, na wazee wetu hawakujua wamlaumu nani. Lakini mabadiliko hayo ni ya polepole, ni haba, hayawezi kugeuza konde kwa siku moja. Kilichotugeuzia konde ni pazia, na pazia linapita. Likipita, jua la wiki mbili linatosha. Tutavuna mpunga wa mwaka, si pepeta ya miezi mitatu."

"Na bamvua?" akauliza Chande.

"Tutainua tuta."

"Kwa mikono ya nani?"

Nikasema kwa mikono yetu. Watu wakatazamana. Mmoja akasema mtoto wake hataki pepeta, anataka wali. Wakacheka, na nikajua nimeshinda. Nyumba tano zikakubali kungoja, Chande akatupa mikono akasema hatakata peke yake, maana konde moja likikatwa na kuachwa bila mlinzi ndege wote wataingia humo kisha waende kwa wenziwe.

Tulipokaribia nyumba Faki alisimama.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Nina hakika na jua."

"Sikukuuliza la jua, Mama Nana."

Nilikasirika. Nilimwambia kama ana hamu ya kumpeleka mtoto Garsen aseme. Hakustahili maneno hayo. Aliingia ndani akalala bila kula, ingawa hata hivyo hapakuwa na cha kula.

Mwezi 18

Tuta. Udongo kutwa.

Mwezi 19, Ijumaa

Jua limetoka la manjano. Bado hafifu, lakini la manjano. Nana aliteremka kwenye tuta anapiga kelele kama siku ya arusi.

Mwezi 20

Doa limefika ukingo wa juu, limekuwa jembamba kama kope. Punje: maziwa.

Mwezi 21

Jua. Jua la kweli, la kuchoma shingo. Doa limekwenda upande wa pili na nimeliaga. Bwana Chande alipita karibu na dungu langu, akasema bila kusimama, "Basi ulisema kweli." Masuke yameanza kuinama.

Mwezi 22

Kila nyumba iko kwenye kipande chake cha tuta. Faki na mimi tumeziba matobo ya kaa hadi nikasahau hesabu. Kipande cha Chande kina watu wawili, yeye na mkewe, naye mkewe ni mgonjwa. Nilimwambia Faki twende tukamsaidie. Faki akasema tumalize kwanza chetu. Alikuwa na haki, nasi hatukumaliza.

Mwezi 23

Punje: maziwa mazito. Dhadho amepita. Mchanga umeongezeka huko juu. Mama Mwanaarusi sasa ananipa nusu ya uji wake na kudai ameshiba. Namrudishia, ananirudishia, mwishowe anakula Nana.

Mwezi 24

Ukungu umerudi.

Si kijani kama kwanza. Weupe tu, jua kama limefunikwa kwa kitambaa cha kuchujia tui. Nimesimama kondeni nikalitukana. Nimetukana pazia, na aliyelitundika, kisha nikaogopa nikasali rakaa mbili za toba. Siku hizi ndizo nilizozihitaji.

Mwezi 25

Vilevile. Punje: maziwa mazito.

Mwezi 26

Vilevile. Faki anasema tukate sasa. Nilimwambia siku nne, tano. Amekwenda kwenye tuta.

Mwezi 27

Pazia limeachia. Jua kali tangu saa mbili. Punje: uji. Nimemlisha Nana punje kumi kwa meno yangu, nikamwambia hii ndiyo ladha ya kubaki nyumbani. Sikupaswa kumwambia hivyo. Aliuliza, "Kwani nani anaondoka?" Kumbe hajui, au anajua na anataka nimwambie.

Mwezi 28

Punje: uji mzito. Tumeamua kuanza kukata mwezi 2 Mfunguo Tatu. Chande alitaka kesho. Nikasema kesho bado ni nusu hasara. Wamenisikiliza tena.

Mwezi 30

Maji yamepanda hadi vidole viwili chini ya mgongo wa tuta. Yalikaa pale, yakashuka. Mama alionja, akatema, akasukutua na mate yake, akatema tena.

Mwezi 1 Mfunguo Tatu

Punje: unga, katika masuke ya juu. Tumeanza kunoa visu. Alasiri maji yalilingana na tuta. Tulikuwa tumesimama juu yake kila mtu na jembe, na jua linatuchoma migongo. Yameshuka. Kesho asubuhi na mapema tunakata.

Mwezi 3

Naandika ya jana.

Tulianza kukata alfajiri, wote, hata wagonjwa. Kufikia adhuhuri tulikuwa tumekata vipande vidogo tu, kwa sababu watu hawana nguvu. Mtu anakata masuke kumi anakaa chini. Bamvua ya asubuhi haikutusumbua. Tukajua ya alasiri ndiyo ya kuogopwa.

Saa kumi maji yakaanza kuja kinyume, mto unarudi nyuma kama kawaida yake, mtulivu, bila mawimbi. Hakuna kitu cha kutisha machoni. Yakafika kwenye mgongo wa tuta. Tukaweka mikeka, matope, magunia. Kisha nikasikia mke wa Chande anaita, si kwa kelele, anaita tu jina la mumewe mara kwa mara. Kipande chao kilikuwa kinatoka. Tobo moja la kaa, kisha upana wa mlango, kisha upana wa nyumba.

Faki alijirusha ndani ya pengo, na Chande, na wengine wawili, wakashikana mikono wakasimama majini hadi kifuani ili wanawake tuwatupie udongo nyuma yao. Udongo ulipita katikati ya miguu yao. Chande alikuwa anasema, "Wako wapi wanangu. Wako wapi wanangu." Alikuwa anasema kweli: mikono ya vijana wawili wenye nguvu ingelijenga lile tuta, na mikono hiyo iko juu ya mto inawalimia watu wengine. Maji yakawasukuma wote wanne kondeni.

Mama Mwanaarusi alisimama ndani ya mpunga wetu, maji yanapanda magotini mwake. Akainama, akachota kwa kiganja, akaonja. Mtu yeyote angeweza kumwambia ni ya chumvi. Alitema, akabaki ameinama.

Jua lilikuwa linawaka, zuri, la dhahabu, na mpunga wote ulikuwa unang'aa ndani ya maji.

Mwezi 4

Maji yanaingia na kutoka mara mbili kwa siku. Hatuna nguvu ya kuziba. Tunakata kile kinachochungulia.

Mwezi 6

Majani yameungua kuanzia ncha. Tulichookoa kimejaa pepe, maganda matupu. Nimepeta ungo mzima, upepo ukachukua karibu wote. Punje chache zilizobaki zina chumvi. Faki ana homa tangu lile pengo.

Mwezi 7

Kama tungekata siku ya kikao, darini kungekuwa na pepeta. Naandika hivyo mara moja, ili nisihitaji kuandika tena.

Mwezi 10

Idi. Tumevaa nguo safi. Hapakuchinjwa.

Hapana anayenilaumu, na hilo siliwezi. Nilingoja watukane, nikajipanga kujibu. Badala yake kila mtu anasema jua. Jua lilituchelewesha, jua lilitudanganya, jua la mwaka huu. Bwana Chande alikuja kutoa mkono wa Idi. Tuta lililovunjika ni lake, na maneno yaliyotungojesha ni yangu, tukakaa tukinywa maji ya moto.

"Si weye, mwanangu," akasema mwishowe. "Wala si mimi. Ni yuwa."

Nilifungua mdomo nimweleze. Kwamba jua halikufanya lolote. Kwamba lilikuwa palepale siku zote, lina nguvu zilezile, na sisi wote tulikuwa tumeinua nyuso juu wakati mto unakauka miguuni petu. Nilikuwa na ushahidi wote. Nikamtazama mikono, nikamwambia, "Ndiyo, Bwana Chande."

Mwezi 13

Faki ameinuka. Amemtuma Dhadho na salamu kwenda Garsen. Hakuniuliza nami sikumzuia.

Mwezi 16

Nimemfundisha Nana kuandika jina lake na langu. Ameuliza kwa nini leo tunasoma mchana wakati wa kazi. Nikamwambia kazi hakuna.

Mwezi 19

Komora amefika asubuhi na mitumbwi miwili: ndizi, mahindi, kunde. Alipita Kipini kwanza kununua chumvi, na amekuja na habari za mabaharia wa Hindi, kwamba huko Java mlima ulipasuka kwa moto mwishoni mwa Mfunguo Mosi, watu wengi wakafa kwa mafuriko ya bahari, na moshi wake ukapanda ukaenda dunia nzima, jua likawa kijani hata Bara Hindi. Alisimulia kama mtu anayesimulia jambo la mbali. Faki aliniangalia. Pazia. Nilikuwa nimesema pazia. Niliingia jikoni nikakaa chini, kwa sababu ningeutoa ukweli huo wote kwa kikapu kimoja cha pepeta.

Komora ni mtu mzuri. Alikataa kula kwetu, akasema ameshiba, na sote tulijua kwa nini.

"Mtoto atakaa na watoto yangu," akaniambia. "Atakula yeye kwanza. Mvuno ikija, wewe nakuja nachukua. Mimi sipendi hii, mama. Lakini chakula hii natoa kwa ndugu zangu, wataniuliza."

"Najua, Komora."

"Kazi ngumu hapana. Ndege tu, shambani."

Mama Mwanaarusi alimsuka Nana nywele, polepole sana, akifumua na kusuka tena. Kisha akamkabidhi kwangu akaenda zake mtoni, akakaa peke yake kule chini mlangoni pa mfereji uliokauka chumvi. Faki alimbeba Nana hadi kwenye mtumbwi ingawa ni mkubwa wa kutembea. Alimweka baina ya magunia, akamfunika kichwa kwa leso yangu, akarudi nyuma, akabaki anafunga na kufungua kamba ya mtumbwi ambayo Komora alikuwa ameshaifungua.

Nana hakulia. Ana ubishi wa babangu, anataka kuelewa kwanza.

"Mama, mpunga si ulikuwa mzuri?"

"Ulikuwa mzuri."

"Na bibi hakukosea maji."

"Hakukosea."

"Na baba alisimama kwenye tobo."

"Alisimama, mwanangu."

Akanitazama kwa yale macho yake, yaliyoliona doa pamoja nami. Komora alikuwa amekwisha kuushika upondo, anangoja tumalize.

"Basi ni jua, mama? Ndiyo maana naenda?"

Msimu mzima nimegombana na kila mtu kwa ajili ya jua hilo. Lilikuwa juu yetu, kali, safi, nisiloweza kulitazama.

Nikamwambia ndiyo, ni jua.